Usimchoshe Mtumiaji kwa Maswali

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa kazi mpya. Kuandika mwongozo utakaosomwa na mashine!

Si utani. Bosi wetu — Maono, tunamwita hivyo kwa sababu hawezi kuagiza hata chai bila kutaja maono yake — ametuita sote kwenye meza ya katikati. Sote, yaani mimi, fundi wa programu, na dada wa mapokezi aliyekuja na kikombe. Akatangaza kwamba zana imekamilika. Kazi yake ni hii: mtu anamwuliza msaidizi wa akili mnemba aliye kwenye simu yake, mkopo wangu wa sarafu za kidijitali uko vipi? Msaidizi anakuja kwetu, anachungulia, anarudi na jibu. Umeweka dhamana kiasi gani, unadaiwa kiasi gani, uko salama au uko ukingoni.

Nikauliza huyo msaidizi atajuaje kuitumia zana. Mdomo uliponza kichwa. Maono akaninyooshea kalamu: atasoma mwongozo, na mwongozo ataandika Mwandishi.

Mwandishi ndiye mimi. Nimeandika miongozo ya pasi, ya mashine za kufulia, ya mita za maji. Watu wanafungua boksi, wanatupa mwongozo, wanabonyeza kila kinachobonyezeka, kisha wanapiga simu kulalamika. Sijawahi kukutana na binadamu aliyenisoma. Sasa nimepata msomaji — hana macho.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshinda na fundi ili anieleweshe. Jina lake hapa ni Kimya. Huvaa vile vidude vya masikioni tangu anaingia hadi anatoka, na ukimwuliza jambo hukujibu kwa ujumbe wa simu, ilhali viti vyenu vinagusana.

Nilichoambulia: unaweka sarafu zako dhamana, unakopeshwa dola za mtandaoni. Kuna kipimo wanakiita afya. Afya ikiwa mbili, lala usingizi. Bei ya sarafu ikishuka, afya inashuka. Ikifika moja, dhamana inapigwa mnada palepale. Hakuna barua, hakuna dalali, hakuna wa kugonga mlango. Mashine inauza, mashine inanunua. Hata wa kumlilia hakuna!

Mkopo una afya. Mimi kifua kinanibana tangu mwezi uliopita na hakuna aliyenipima.

Na kila mkopo una anwani, mstari mrefu wa herufi na tarakimu usiotamkika. Bila anwani huwezi kujua mkopo ni wa nani. Nimeliandika hilo ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene. Nimelisoma mara mbili, nikajipongeza kwa chai.

Alhamisi, 6 Machi

Vita vya mfano.

Kila mwongozo lazima uwe na mfano. Nikaweka anwani ya uongo, sifuri tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Maono akakunja uso. Akasema sifuri zinanuka umaskini, na mfano lazima uwe na mvuto. Akaleta anwani yake mwenyewe! Dhamana nono, deni dogo, afya mbili nukta nne moja.

Nikamwambia mfano usiwe wa mtu aliye hai. Akacheka. Mambo yote ya mtandao huo yako wazi, akasema, yeyote anaweza kuyaona. Kimya akanitumia ujumbe: "Ndicho anachotaka. Yaonekane."

Wanasema debe tupu haliachi kuvuma. La huyu limejaa, na linavuma vilevile.

Nimeweka anwani yake. Kazi ya kuajiriwa, unachagua vita vyako. Hivi sikuvichagua.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepita kwa Dada, dada yangu mkubwa mwenye duka la mikate, baada ya kazi. Mikate ilikuwa inatoka tanurini, foleni imefika nje. Akanifunga aproni bila kuniuliza na kuniweka kwenye kaunta. Kwa Dada hakuna mgeni, kuna kibarua aliyechelewa.

Lile tanuri ni la mkopo wa namna hiihii. Hadithi yake bado inanichekesha. Walipoachana na shemeji, shemeji alibaki na kiwanja, naye akampa Dada zile sarafu za kidijitali, akiamini amempa makaratasi. Aliwaambia watu kwamba amemlipa mke kwa hewa. Hewa ikapanda bei! Kiwanja mpaka leo kina majani. Dada hakuziuza sarafu. Aliziweka dhamana, akakopa, akanunua tanuri. Anasema siku akizikomboa atanunua hili jengo, aache kupanga, na atamwalika shemeji kwenye ufunguzi, akae mstari wa mbele.

Mimi nilimkataza kukopa. Nilimkataza na tanuri pia. Ananiita mwoga kwa upendo, na mara nyingine bila upendo.

Kwenye simu yake ana msaidizi mwenye sauti ya taratibu. Amempa jina Mpole. Anamwuliza kila kitu: bei ya unga, hali ya hewa, kama bwana fulani aliyemwandikia ujumbe ana nia njema. Aliposikia kwamba naandika kitu kitakachomsaidia Mpole kuangalia mikopo, alifuta mikono akanikumbatia. Unga wote mgongoni mwangu.

"Sasa nitalala," akasema. "Kitu kilichoandikwa na mdogo wangu sina wasiwasi nacho."

Nilijisikia vizuri. Naandika kwa kuwa si kawaida yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Leo amekuja mama mwekezaji kuonyeshwa zana. Viatu vya bei, saa ya bei, subira ya bure kabisa. Maono amenunua maua. Kimya amevua vidude vya masikioni, nikagundua ana masikio mazuri.

Mama mwekezaji akashika simu, akauliza mkopo wangu uko vipi. Msaidizi akajibu kwa adabu: tafadhali nipe anwani yako. Mama akauliza tena, sauti juu kidogo. Msaidizi: tafadhali nipe anwani yako. Mara ya tatu mama akaweka simu mezani, akasema akitaka kuhojiwa ataenda polisi.

Nilitaka kucheka hadi nikauma kalamu. Kumbe kicheko kilikuwa kinanisubiri mimi. Alipoondoka tu, Maono akasimama juu ya kichwa changu. Wateja hawapendi maswali, akasema. Huduma nzuri haiulizi. Niongeze sentensi.

Nikasema anwani ni lazima, nimeiandika kwa herufi nene. Akasema basi niandike kwa herufi nene kuliko hizo.

Haya. Mwenye nguvu mpishe. Nimeandika: "Usimchoshe mtumiaji kwa maswali. Mpe jibu papo hapo, kwa sauti ya kumtuliza." Imekaa vizuri, hata ina mdundo. Nimeiweka kama watu wanavyoweka ua la plastiki mezani. Nani atafuata? Miaka yote nimeandika "usiguse kwa mikono yenye maji", na wameguswa na umeme kama kawaida.

Jumatano, 12 Machi

Tumezindua. Keki imetoka kwa Dada, Maono amekata kipande cha kwanza akajilisha mwenyewe.

Kimya alinionyesha kitu kwenye skrini yake: namba inayopanda. Akaandika: "Ni mwongozo wako. Kila inapopanda, msaidizi mmoja ameusoma." Ilikuwa maelfu! Na wanasoma wote, toka neno la kwanza hadi nukta ya mwisho, kisha wanafanya kilichoandikwa. Hawaruki kurasa. Hawajifanyi wanajua.

Nimesomwa! Nilitaka kumpigia mwalimu wangu wa insha, yule aliyeandika "maneno mengi, faida ndogo" kwenye kila daftari langu. Sina namba yake. Bahati yake.

Mama mwekezaji amejaribu tena, safari hii kajibiwa mara moja. Amefurahi. Maono anatembea kana kwamba sakafu ni yake binafsi. Naam, ni yake.

Ijumaa, 14 Machi

Mshahara haujaingia. Maono anasema ni mambo ya benki. Benki zina mambo kila mwezi wa shida.

Bei ya sarafu imeanza kushuka. Kimya anaangalia chati huku anatafuna kucha.

Jumatatu, 17 Machi

Bei imeporomoka wikiendi nzima. Robo nzima ya thamani imeyeyuka, na bado inayeyuka. Mshahara: bado.

Nikampigia Dada nikiwa nimejiandaa kumfariji. Yeye ndiye aliyenifariji mimi! Anamwuliza Mpole kila asubuhi kabla ya kuwasha tanuri, na Mpole anamwambia asiwe na wasiwasi. Mbili nukta nne, anasema, bado ni mbili nukta nne. Amefurahi mpaka ameamua kutumia akiba yake kununua mashine ya kukandia unga. Aliiweka kando akihofia siku bei ikishuka, aongeze dhamana. Sasa bei imeshuka na hakijatokea kitu, basi ya nini kuifungia? Mashine inakuja kesho mchana.

Nilimwambia hongera. Sikumkataza. Nimechoka kuwa mtu wa kukataza, na safari hii kilichomwambia yuko salama nimekiandika mimi.

Ila kitu kimekaa kama mchanga machoni. Bei imeshuka kwa kila mtu. Afya ya Dada haijashuka. Labda alikopa kidogo kuliko nilivyodhani. Labda shemeji alimpa sarafu nyingi kuliko alivyodai. Labda niende kulala.

Jumanne, 18 Machi

Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia la unga, nyuma ya duka la Dada. Nianze asubuhi, la sivyo nitachanganya.

Kimya alinigusa bega. Kunigusa! Akaondoa vidude vya masikioni, akaongea kwa mdomo wake, kwa hiyo nikajua jambo ni zito. Akanionyesha mkopo wa Maono, ule wa kwenye mfano. Tangu Ijumaa mtu amekuwa akiutia pesa kila bei inaposhuka, ili afya isishuke chini ya mbili nukta nne. Pesa zinatoka kwenye akaunti ya kampuni. Za kwanza ziliingia siku ya mshahara.

"Mishahara yetu ndiyo hiyo," akasema. "Anatunza mfano upendeze."

Tulicheka. Kweli tulicheka, sisi wajinga wawili tusio na nauli. Mshahara wangu uko salama, uko kwenye ukurasa wa tatu wa mwongozo wangu! Halafu nikamkumbuka Dada kwenye simu.

Mbili nukta nne.

Bei ikiporomoka hivi, hakuna mkopo unaosimama palepale isipokuwa kuna mtu anaumwagia pesa. Dada hamwagi kitu. Na Dada hajawahi kumpa Mpole anwani yake. Yeye huongea na simu kama watu wanavyoongea: "Mpole, mkopo wangu vipi?" Mpole anafungua mwongozo. Mwongozo unasema anwani ni lazima. Mwongozo unasema usimchoshe mtumiaji kwa maswali, mpe jibu papo hapo. Basi msaidizi mwenye adabu atafanya nini? Anachukua anwani pekee anayoiona kwenye ukurasa. Ya mfano. Anarudi na afya ya Maono, na kwa sauti ya kumtuliza, kama nilivyoagiza mimi, anamwambia mwanamke mwenye tanuri la mkopo kwamba hana haja ya wasiwasi.

Nilimweleza Kimya. Akafungua orodha ya maswali yaliyoingia tangu uzinduzi. Karibu wote waliouliza hawakutaja anwani. Nani ataikumbuka? Na wote wamejibiwa kitu kilekile.

Sikuaga. Nilikimbia.

Nimekuta gari la mizigo mlangoni, vijana wawili wanashusha mashine iliyofungwa kwenye plastiki, na Dada ameshika bahasha. Nikamwambia asilipe. Akaniuliza tangu lini nimekuwa kikwazo cha maendeleo, kisha akacheka, akawaambia wale vijana huyu ni mdogo wangu, tangu utotoni anaogopa hata kuku. Sikuwa na muda wa kutetea suala la kuku. Nikamwomba anwani ya mkopo. Ameibandika ndani ya mlango wa kabati la sukari, kwa mwandiko wa shemeji. Nikamsomea Mpole herufi moja moja, na Dada akinisahihisha nilipokosea.

Mpole akajibu kwa sauti ileile ya taratibu. Moja nukta sifuri sita. Hakushtuka wala hakuomba radhi kwamba asubuhi alisema jingine.

Dada akaangalia simu, akaniangalia mimi.

"Na ile mbili nukta nne ilikuwa ya nani?"

"Ya bosi wangu."

"Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa namwombea bosi wako."

Hakupandisha sauti. Ningefurahi kama angepandisha. Aliwaambia vijana wapakie mashine yao warudi nayo. Walilalamika kuhusu mafuta ya gari, akawapa mikate minne na pesa kidogo, wakanyamaza. Akampigia jirani mwenye duka la simu, akaja akahesabu zilizomo kwenye bahasha, akambadilishia ziwe dola za mtandaoni, na Dada akazilipa zote kwenye deni kwa kidole chake mwenyewe, mimi nikimsomea hatua. Tuliuliza tena, kwa anwani. Moja nukta tatu. Si usingizi, lakini si msiba. Angelipa mashine kwanza, jioni hii zile sarafu zingekuwa za mtu mwingine, na shemeji angekuwa na kicheko cha mwaka mzima.

Nikadhani yamekwisha. Nilishaanza kutungua aproni kwenye msumari nimsaidie. Dada alikuwa ameegemea kaunta, anahema. Akauliza wako wangapi wanaouliza kama yeye. Nikamwambia sijui, maelfu.

"Mimi nina wewe," akasema. "Wao wana nani?"

Nimempigia Maono. Yuko hotelini, kesho anasaini na mama mwekezaji. Nilimweleza taratibu, kama naeleza pasi ya umeme. Akasikiliza mpaka mwisho, jambo lililonitisha. Halafu akauliza kama kuna mteja aliyelalamika. Nikasema hawawezi kulalamika, wote wanaambiwa wako salama! Akasema basi, wateja wameridhika. Tukisema leo kwamba zana inatoa majibu ya mtu mmoja kwa watu wote, kesho hakuna sahihi, na bila sahihi hakuna mshahara, wa mwezi huu wala mwingine. Nisiguse mwongozo mpaka asaini. Nikigusa, nisirudi hata kuchukua kikombe changu.

Ufunguo wa mwongozo ninao. Kimya alinipa siku ya kwanza. Ametuma ujumbe sasa hivi: "Ukibadilisha, wasaidizi watasoma mpya palepale. Wanakuamini wewe kuliko mimi."

Nimefungua ukurasa kwenye simu. Nimeiondoa anwani ya Maono, nimerudisha sifuri zangu zinazonuka umaskini. Nimefuta sentensi ya ua la plastiki. Mahali pake nimeandika: "Mtumiaji asipotaja anwani, mwulize. Akichoka, achoke." Ni sentensi bora niliyowahi kuandika. Imebaki kubonyeza ichapishwe.

Bei inashuka. Jirani wa duka la simu anaitangaza mlangoni kama matokeo ya mpira.

Nina kodi ya nyumba. Nina ada ya mtoto. Kikombe changu nakipenda. Kesho si mbali, na labda bei itapumzika mpaka kesho, na labda wengine nao wana dada zao. Ndiyo hivi. Nimetoa daftari hili kwenye mkoba nikasema kwanza niandike yote yalivyotokea, kwa mpangilio. Mkono ulioshika kalamu hauwezi kubonyeza.

Dada anakanda unga kwa mikono, kwa kuwa mashine imerudi. Ameniuliza, mgongo wake kwangu, kama nimemaliza kuandika.

Nimesema bado kidogo.